Mbwa Aliyelala Bila Kuambiwa

Saa moja asubuhi, theluji bado imeshika kwenye nyasi za Maniototo, kusini mwa New Zealand. Ailsa Rennie, mchunga kondoo wa miaka 61, anapiga mluzi mrefu getini. Mbwa anayechomoka si Floss, mbwa wake wa siku zote. Floss yuko garini, tumbo limenyolewa, analia dirishani.

“Haelewi kwa nini simwiti,” anasema Ailsa. “Na mimi sijui nimweleze vipi.”

Kwa miaka minane Floss amefanya kazi kwa mluzi tu: wa kulia, wa kushoto, wa kulala chini, wa kuinuka. Juni hii Ailsa alipata meno mapya ya bandia, na wiki hiyohiyo Floss akaanza kulala katikati ya kazi, kondoo wakitawanyika.

Hec, mwenye shamba, alicheka hadi akashika mbavu. “Bibie, mbwa hana kosa. Meno hayo yanapiga mluzi wa kulala yenyewe.”

Ailsa aliamini. Daktari wa meno akayachonga upya mara mbili. Akafanya mazoezi bandani mpaka kuku wakahama. Mwisho akayatoa kabisa, akapiga mluzi kwa ufizi. Floss akalala vilevile.

Kisha Floss akaanza kutapika na kususia chakula. Ailsa alidhani amenuna kwa kufokewa, akambembeleza. Walipochinja kondoo wa nyumbani, akampa mafuta yote ya figo, ambayo mbwa hugombania. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Asubuhi macho ya Floss yalikuwa ya njano.

Huku mbwa asiyeweza kazi humalizwa kwa risasi nyuma ya banda. Hec alijitolea, kwa nia njema kabisa. Ailsa akamtia Floss garini, akaenda mjini.

Daktari wa mifugo, Pania Tauroa, alikuta kifuko cha nyongo kimejaa ute mzito, kinakaribia kupasuka. Kitolewe, alisema, ingawa mbwa wengine hawaamki baada ya upasuaji. Mafuta yalimzidishia tu. Ugonjwa wenyewe ulianza zamani, ndio uliomlaza kazini, na kwa nini umempata yeye, hakuna ajuaye.

Jibu hilo bado linamchanganya Ailsa. “Maisha yangu yote natupa nyongo za kondoo ng’ambo ya ua, mbwa wasionje uchungu. Sikuwahi kuwaza kwamba mbwa naye anayo yake. Sasa nimlaumu nani?”

Floss aliamka. Daktari ameagiza mapumziko, na chakula kisicho na mafuta. Ailsa anatumaini kwamba Oktoba, kondoo wakishazaa, watapanda mlimani pamoja tena.

Anamtazama dirishani.

“Wiki tatu nilimpigia mluzi wa kuinuka,” anasema. “Na kila mara aliinuka, mgonjwa vile. Oktoba nitapiga mara moja tu. Akilala, nitamfuata mimi.”