Nilivizika Vijidudu, Nikasingizia Jua

Kosa ni langu, jamani, wala simtupii shetani. Siku ile hata hakufika Carama, mtaani kwetu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kufika barabarani kwangu ni safari. Mtu kama huyo akiona majani uani hagusi jembe. Nilipuliza dawa ya kuua majani, nikabaki na nusu pipa la maji niliyooshea bomba la kupulizia.

Shemeji yangu yuko kiwandani, kwenye mabwawa ya kusafisha maji machafu. Aliwahi kunieleza kwamba matope ya mle yana vijidudu hai vinavyokula uchafu, hata sumu ya shambani. Nikamwomba matope hayo bidoni moja, yaani dumu. Alinipa akisema, "Pole pole, lazima vizoeshwe kwanza." Mimi nilishasikia "vinakula." Inatosha!

Nikayamwaga kwenye pipa. Yakanuka! Nikafunika, nikaweka na jiwe juu. Mimi ni msafi.

Siku chache baadaye maji ya mtaa yakakatika. Jirani yangu Mama Neema, anayelisha watoto kwa lengalenga, yaani mchicha, za bustani yake, akaja na ndoo.

"Baba, ile maji ya mu pipa, siwezi mwangia lengalenga?"

"Chota tu. Sumu imeshaliwa."

"Kweli? We ulisoma, mi naamini."

Sekondari, jamani! Biolojia niliifaulu kwa kuangalizia!

Lengalenga zikawa njano, zikalala. Akaniuliza. Nikasema ni jua. Akapanda tena palepale, zikafa changa. Nikasema jua la mwaka huu limezidi! Wiki nzima ilikuwa mawingu.

Shemeji alipokuja kunitembelea akafungua pipa, akarudi nyuma.

"Ulifunika? Hivi vinavuta hewa kama wewe! Kule tunavipulizia hewa usiku na mchana. Umevizika, na sumu iko palepale."

Mama Neema alikuwa nyuma ya ua, amesikia yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe jua lilikuwa na kifuniko."

Sasa namlimia kipande kingine, mimi huyu! Nikimpelekea maji safi, ananiangalia mbele ya watoto wake: "Apana, kunywa we kwanza." Nakunywa.

Nawe unayesoma, ukiambiwa kitu kinakula sumu, uliza kinakula kwa muda gani na kinapumulia wapi. Na jirani akikuuliza mboga zake zimeuawa na nini, liache jua lipumzike. Sema ni wewe.