Bogenvilia Iliyohamia Kimaka

Siku aliyokabidhiwa funguo za nyumba yake mpya mtaa wa Kimaka, mjini Jinja, Namukose hakuanza kupanga vitanda. Alitoka nje akakizunguka kiwanja chote, vumbi la saruji na vipande vya matofali vikimchoma kwenye ndala, akaamua papo hapo: huku maua, kule mboga, mparachichi pale nyuma. Alikuwa amelitumikia Jeshi la Magereza miaka thelathini na miwili, akiishi katika nyumba za serikali. Kila alipopanda kitu, barua ya uhamisho ilimfikia kabla hajakifaidi. Safari hii hakukuwa na wa kumhamisha.

Kwenye kitalu cha kando ya barabara kuu aliuliza bei ya mche mmoja wa bogenvilia. Alipotajiwa, alicheka kwa sauti.

"Mwanangu, kwa bei hiyo si afadhali nijenge ukuta?"

"Sasa mama, ya bei rahisi utaipata wapi?" muuzaji akamuuliza.

"Mbale. Niliipanda mwenyewe."

Na kweli aliipanda, miaka ishirini nyuma, mlangoni pa nyumba yake katika kambi ya askari magereza. Jumamosi akapanda basi la asubuhi, mkobani ana mkasi wa kupogolea na gunia lililoloweshwa maji.

Askari wa getini aliposikia cheo chake alikaza miguu. "Karibu, afande." Namukose akaenda moja kwa moja hadi nyumba namba nne. Palipokuwa na bogenvilia palikuwa na tangi jeusi la maji, juu ya jukwaa la zege.

"Mimi nilikuta tangi, afande," alisema Racheal, askari aliyeishi pale sasa. "Maua hayo siyajui."

Namukose alisimama akilitazama lile tangi, moyo ukimuuma kidogo. Lakini hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Akakumbuka kwamba kila alipopogoa, majirani walikuja kuokota matawi. Mmoja wao alikuwa Muzafaru, fundi cherehani aliyekuwa akiwashonea sare, na kwake hapakuwa mbali, nyuma ya msikiti.

Alipokata kona tu, akaiona. Ilikuwa imepanda ukutani ikamwagika hadi nje, nyekundu tupu. Muzafaru alikuwa amekaa kibarazani, ndevu zimekuwa nyeupe.

"Sajini!" akaita. "Umekuja kudai mali yako?"

"Nimekuja kuomba matawi, mzee."

"Hapana, usiombe. Ulinipa kijiti urefu wa kiganja. Mke wangu, Mama Magid, akasema hiki hakifiki Ijumaa." Akayatazama maua. "Yeye ndiye ametangulia, mwaka jana."

Namukose akampa pole. Kisha Muzafaru akainuka, akamshikia matawi huku Namukose akikata, akichagua yaliyokomaa, unene wa penseli. Walipomaliza, mzee akamwongoza uani, penye asumini.

"Hii ilikuwa yake. Kata na hii."

"Una hakika, mzee?"

"Kata, sajini. Mwenyewe hakumnyima mtu."

Namukose akavifunga vipandikizi kwa maganda mabichi ya mgomba visikauke njiani, akavitia guniani, na jioni hiyo hiyo alikuwa Jinja.

Hakununua hata chungu. Alikata madumu ya zamani, akayatoboa chini, akachanganya mchanga wa ziwani kutoka Masese na samadi ya ng'ombe wa jirani, kisha akayapanga kivulini. Wiki za kwanza alizidisha maji, vipandikizi kumi na viwili vikaoza. Akajilaumu, akapunguza mkono. Mwezi wa pili macho ya majani yakaanza kutoka, moja hapa, moja pale, mpaka asubuhi moja akahesabu ishirini na vitatu vilivyoshika.

Akampigia simu Muzafaru.

"Ya kwangu najua haifi," mzee akasema. "Ya Mama Magid je?"

"Imetoa majani sita."

"Alhamdulillahi," Muzafaru akasema. "Ikichanua niite. Nitakuja mwenyewe Jinja niinuse."

"Nitakuandalia chakula cha mchana," Namukose akamjibu. Akaweka simu mfukoni, akachukua jembe, akaenda kuchimba mashimo kando ya njia ya kuingilia, kwa sababu mvua zilikuwa zimekaribia.