Vyoo vya Kuonesha

Tuliambiwa skuli haipimwi tena kwa mitihani tu. Sasa inapimwa pia kwa usafi na furaha ya wanafunzi. Mwalimu mkuu wetu, mwepesi wa kuelewa, akavitia kufuli vyoo vipya visichafuliwe. Watoto wakawa wanakimbilia mikarafuuni, nasi walimu nyuma yao.

Wakaguzi walipokuja alivifungua, wakasifu vigae vinavyong'aa, wakatupa alama zote. Akavifunga tena, akaenda mjini Chake na ufunguo mfukoni kuwachukulia biriani.

Ndipo mkaguzi mmoja, bibi wa heshima, akabanwa. Nikamwonesha njia ya mikarafuuni. Alirudi na tope viatuni, akafungua daftari lake.

"Mwalimu, wanafunzi wana furaha?"

"Wanaowahi kufika, Bi, wanayo."