Nafasi Niliyosema Imejaa

Siku tuliyopunguzwa kazini, wenzangu wengi walilia hadharani, pale pale kwenye ngazi za ofisi. Mimi sikulia. Niliifunika mashine yangu ya chapa kwa kitambaa chake, nikachukua mkoba, nikarudi nyumbani Sinza saa ile ile niliyozoea kurudi. Mama aliponiuliza habari za kazi nikamjibu, "Nzuri, mama." Uongo wangu wote ulianzia hapo, kwenye jibu la salamu.

Nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma kwa miaka kumi na mmoja. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika zamani, mtoto sikujaliwa, na baba alipofariki mama alihamia kwangu. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji sita, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Kwenye ua ule mie nilikuwa mtu. Wenzangu waliuza vitumbua, walifua, walisubiri waume. Mie nilitoka asubuhi na sketi iliyonyooshwa kwa pasi na viatu vya kisigino, na mtu akiletewa barua ya serikali alinipa mie nimsomee. Mama alipenda kusema "mwanangu wa ofisini" hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Basi nikaendelea kutoka kila asubuhi kama kawaida. Mwanzoni nilizungusha barua za maombi, lakini kila ofisi niliyoingia, nayo ilikuwa inapunguza watu. Barua zilipokwisha nikaanza kukaa kwenye mabenchi ya hospitali, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Pale hakuna anayekuuliza umefuata nini. Nyumbani nilisema nimehamishiwa tawi la Temeke, ndiyo maana nachelewa kurudi.

Kwenye benchi lile la hospitali ndipo nilipokutana na mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake. Alikuwa ameachwa na mumewe, akanisimulia bila hata kuona haya, kama mtu anayesimulia safari. Akasema Mtoni, ndani ndani ukitoka Barabara ya Kilwa, kuna bibi mmoja wa Kiarabu, mjane, ambaye duka la marehemu mumewe amelifanya darasa la ushonaji. Vyerehani alichangiwa na ndugu zake na watu wa misheni, Waislamu kwa Wakristo. Wanafundishwa wanawake walioachwa, waliofiwa, waliopunguzwa kazi. Kila mkupuo wanane kwa miezi minne, na ukimaliza unaondoka na cherehani yako. Jumanne na Alhamisi wanapokea watu wapya.

"Nenda tu, dada," akaniambia. "Pale hawakuulizi mengi."

Sijui alinionaje mpaka akanielekeza. Sikuwa nimemwambia lolote.

Nilienda Jumanne iliyofuata, na nilienda kwa sababu Mtoni ni mbali na Sinza. Nilivaa suti yangu ya kazini, ile ya rangi ya maziwa. Bibi alikuwa amekaa barazani, kanga mbili, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umetumwa na ofisi gani, mwanangu?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nimepunguzwa kazi, bibi, nimekuja kuomba msaada. Si maneno mengi. Lakini nyuma yake waliketi wanawake kumi hivi kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe cha uji, na wote walikuwa wananitazama kwa heshima, ile heshima niliyoizoea. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nimekuja kuwasaidia."

Bibi alifurahi mno. Aliyekuwa akiwaandikia alikuwa ameolewa na kuhamia Tanga, na daftari lilikuwa limelala wiki tatu. Siku ile ile nikapewa meza, kalamu, na kiti pekee chenye mgongo.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa miezi mitatu. Mwanamke akija, niliandika jina lake, anakotoka, shida yake. Niliwaandikia barua za kwenda kwa katibu kata na mahakamani. Walilia mbele yangu nami nikawapa pole, pole ya mtu aliye juu. Mchana tulikula pamoja wali na maharage, na vilivyobaki nilivifunga kwenye mfuko wa rambo nikampelekea mama, nikimwambia leo ofisini kulikuwa na sherehe. Na huku naandika nilikuwa nawatazama wanaoshona. Nilijua tayari jinsi ya kupitisha uzi, jinsi ya kukata bega la gauni kwenye gazeti kabla ya kukata kitambaa. Miguu yangu ilikanyaga chini ya meza wao wakikanyaga vyerehani.

Mkupuo ule ulipomaliza, tukaanza kuandikisha wengine. Nafasi saba zilijaa upesi. Ikabaki moja, na siri yangu ni kwamba niliitaka mwenyewe. Kila siku nilijiambia kesho nitamwambia Bibi, na kila kesho nikaja na viatu vya kisigino.

Alhamisi moja Bibi alikwenda msibani Mbagala akaniachia kituo. Saa nne asubuhi akaingia mwanamke na mtoto mgongoni. Alikuwa kwenye mwanga wa mlango, sikumwona uso mpaka aliposema:

"Jirani! Kumbe ofisi yenyewe ndiyo hii?"

Alikuwa mwanamke wa Singida tuliyepakana naye ukuta kule Sinza. Mumewe alileta mke mwingine ndani ya chumba kile kile kimoja, yeye akaondoka na mtoto. Mama alipougua homa ya matumbo, mwanamke huyu ndiye aliyemwogesha na kumlisha, mie nikiwa kazini, wakati nilipokuwa na kazi. Hakupata kunidai hata asante.

Ningefurahi kumwona mahali pengine popote. Pale, nilichokiona ni ua wetu wa Sinza. Niliona akija kila siku kujifunza, akisikia Bibi akiniuliza habari za ofisi yangu, akikutana na mama. Niliona sketi yangu, viatu vyangu, barua nilizowasomea watu, vyote vikichekwa bombani.

"Ofisi imenileta hapa kusaidia kwa muda," nikasema.

"Hongera, jirani. Nimefurahi kumkuta mtu ninayemjua." Akamshusha mtoto, akamweka mapajani. Alikuwa amekonda. "Nipo kwa dada yangu hapo nyuma ya msikiti, lakini shemeji ameshaanza kuchoka na mie. Nimeambiwa hapa wanafundisha cherehani. Naomba uniandike."

Daftari lilikuwa wazi katikati yetu. Namba moja mpaka saba zimejaa. Namba nane nilikuwa nimeiandika pembeni kwa wino mwekundu, na mbele yake hakuna kitu.

"Nafasi zimejaa," nikasema.

Aliangalia daftari. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, nalijua hilo, maana kule Sinza yeye hakuwahi kuniletea barua. Nikaweka mkono juu ya ukurasa, taratibu, kama mtu anayeegemea meza.

"Jaribu mkupuo mwingine. Baada ya miezi minne."

"Miezi minne," akasema.

Mtoto aliomba maji. Nikamletea kwenye kikombe cha bati, akanywa, mama yake akamalizia yaliyobaki. Kisha akambeba tena, akafunga kanga vizuri kifuani.

"Haya, jirani. Nashukuru. Nisalimie mama."

Bibi aliporudi akauliza kama kuna aliyekuja. Nikasema hakuna. Jumanne iliyofuata alikuja msichana wa Keko nikamwandika namba nane.

Salamu zile sikuzifikisha. Ningezifikishaje? Lakini kama wiki mbili baadaye nilirudi nyumbani nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, amechangamka, mbele yake kuna fungu la mchicha.

"Jirani yako wa Singida kanitembelea," akasema. "Kaniletea mboga. Masikini, kutoka Temeke yote ile kwa mguu, na mtoto mgongoni! Kasema mmeonana."

Nikakaa chini. "Kasema nini?"

"Kasema unafanya kazi nzuri. Unasaidia watu wenye shida. Kasema, mama, unaye mtoto." Mama akacheka kwa furaha. "Nimewaambia wote hapa uani."

Sijawahi kuchapwa kofi lililoniuma kama yale maneno. Kama angekuja kunisema, ningejua la kufanya. Ningekasirika, ningekana, ningemwita mmbeya. Alikuwa ameniona jinsi nilivyo, akatembea Mtoni mpaka Sinza, akanisitiri kwa mama yangu. Mchicha ule mama aliupika kwa nazi. Sikuweza kuumeza.

Kesho yake haikuwa siku ya kupokea watu, lakini nilikwenda. Nilimkuta Bibi anachambua vifungo kwenye ungo. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, tangu ngazi za ofisi mpaka mkono wangu juu ya daftari. Aliendelea kuchambua vifungo, vyeupe huku, vyeusi huku.

"Kwamba huna kazi, nilikuwa najua," akasema. "Mtu wa ofisini habebi ukoko kwenye rambo. Nilingoja useme mwenyewe."

"Nisamehe, Bibi."

"Mie hukunikosea kwa hilo. Kila aliyepita mlango huu kaona haya, na wewe ulijificha kwa namna yako, si kitu." Hapo akainua uso, na nikaona amekasirika kweli. "Lakini umemfukuza mtu mlangoni kwangu. Na mtoto! Nikakuuliza kaja nani, ukanambia hakuna. Inuka. Nenda kamtafute. Usirudi hapa bila yeye."

Nilimtafuta siku mbili. Kwa dada yake nyuma ya msikiti walisema ameondoka, shemeji amemwambia aondoke. Mwishowe nikamkuta Kurasini, uani kwa watu, anafua. Mashuka yalikuwa yameanikwa kila upande, na mtoto amelala kwenye beseni tupu lililotandikwa kanga. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni.

Nilianza kueleza. Alinisikiliza huku anakamua shuka, na hakuniambia nimsaidie upande wa pili.

"Nafasi ilikuwepo," akasema nilipomaliza. "Niliiona. Namba nane."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Alianika shuka lake, akalinyoosha pembe zote, ndipo akageuka.

"Mie wala sikuwa na haja ya kujua kama una kazi au huna. Nilipokuona nilijua leo nimefika. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikamwambia Bibi anamngoja. Nadhani angeniambia niondoke, ila mtoto aliamka akaanza kukohoa, naye akamtazama mtoto, akasema, "Nitakuja Jumanne. Lakini si kwa ajili yako."

Bibi alimwazima cherehani yake mwenyewe ya chumbani, ile ya mahari yake ya ujana, ili wawe tisa. Nami akanitoa kwenye meza. Nilipangiwa kukaa mkekani nikichambua vifungo na kutoa nyuzi mpaka mkupuo uliofuata, na mkupuo ule ulipofika niliandikwa kama wengine, na aliyeniandika alikuwa yeye, jirani yangu, kwa sababu alikuwa amemaliza na Bibi alikuwa amemwomba abaki kushika daftari. Aliniuliza jina, kana kwamba halijui. Akaniuliza ninakotoka. Alipofika kwenye shida, kalamu ikasimama.

"Sema," akasema. "Ni lazima niandike."

"Nimepunguzwa kazi," nikasema, mbele ya watu wote.

Akaandika.

Mama nilimwambia jioni ile. Sikudhani angelia kama alivyolia. Hakulilia kazi. "Mie nilivyokuwa nawatambia wenzangu," akarudia rudia, "mie nilivyokuwa nawatambia, na yule mtoto wa watu anakaa pale ananitazama, anajua yote." Kwa siku kadhaa hakutoka kwenda uani kuchota maji. Nikachota mimi, bila viatu vya kisigino, na hakuna aliyesema neno, au kama walisema hawakusema mbele yangu.

Nimeshona tangu wakati huo. Nilianza na sare za shule, nikaendelea na magauni ya harusi, na mikono yangu ndiyo iliyotulisha mimi na mama. Jirani yangu alihamia Mbagala na cherehani aliyopewa alipomaliza, na tulipokutana kwenye maduka ya vitambaa tulisalimiana vizuri: habari za mama, habari za mtoto. Nilimwomba radhi mara nyingine mbili. Kila mara alisema, "Yameisha, jirani," na kila mara alikuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Mama alipofariki, alikuja. Sijui alipata habari kwa nani. Nilikuwa nimekaa ndani na wafiwa, nikamwona kupitia dirisha, yuko uani na wapishi, amekunja kanga kiunoni, anamenya vitunguu. Alimenya gunia zima, akaosha vyombo, akaingia kunipa mkono, akasema, "Alikuwa mama yangu pia," akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Shangazi yangu akaninong'oneza, "Yule ni nani, aliyejituma vile?"

Nilitaka kumwambia. Watu walikuwa wengi, na nilikuwa nimechoka.

"Jirani wa zamani," nikasema.