Kisimani na Bibi

Nikinusa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, namkumbuka bibi yangu. Moshi huo wa jikoni ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu, na mtoto wa jirani alipofariki, watu wakasema bibi ndiye mchawi aliyemuua.

Asubuhi moja tulipofika kisimani, wanawake waliacha kuzungumza.

"Mwangaluka," bibi akawaamkia.

Hakuna aliyeitikia. Mama wa yule mtoto alitema mate karibu na miguu yetu.

"Bibi, turudi," nilimnong'oneza.

"Nyumbani hakuna maji, mjukuu wangu."

Akainama, akachota taratibu mpaka mtungi ukajaa. Njiani alilia kimya kimya, maji yakimmwagikia mabegani. Kesho yake aliniamsha mapema, tukaenda tena.