Muuza Misumari na Mstari wa Nne

Watangaziwe watu wote wa Chake Chake, wazima kwa wagonjwa, kwamba jana baada ya alasiri muuza misumari aliuvuka mstari wa nne. Silima, fundi cherehani wa duka la pili, ni shahidi. Miezi minane amemsikia bibi huyo akipiga piano yake nyuma ya kaunta, muziki mgumu kuliko vidole vyake. Akifika mstari wa nne hukwama, akarudi mwanzo. Wateja huwajibu bila kugeuka, "Inchi tatu zimo koponi," huku karatasi zake za muziki kazikandamiza kwa mawe ya mizani zisipeperushwe na feni. Kitufe kimoja cha piano kimekufa kwa kutu. Akikifikia, sauti yake huitoa mwenyewe kwa mdomo, "tii," uso mkavu kama karani wa mahakama. Akikosea hasonyi. Hufuta vidole kwenye pindo la gauni, akaanza upya. Silima keshaharibu suruali mbili kwa kumsikiliza, maana kinachomuua ni kimoja tu: hajui wimbo wenyewe unaishaje. Basi jana vidole vile vyenye grisi ya bawaba vilipanda, vikayumba, "tii," vikapita, vikaenda moja kwa moja mpaka mwisho. Cherehani ikanyamaza. Silima akasimama na futi shingoni, machozi yanamlengalenga, kama aliyeuona mwezi wa Idi.

"Bi mkubwa, Mungu akuweke! Wallahi umemaliza!"

Muuza misumari akazirudisha karatasi mwanzo.

"Huo mkono wa kulia, Silima. Wa kushoto sijaugusa."