Mfuko Uliorudishwa Dukani

Juzi kijana mmoja alinieleza, taratibu kama anayefundisha mtoto, kwamba hatua ya kwanza ya kutunza mazingira ni kwenda dukani na kikapu changu mwenyewe. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba miaka ya sabini hapa Kisumu hatukujua njia nyingine. Sukari ilifungwa kwa gazeti, samaki walitungwa kwa ukamba wa mafunjo, na mafuta ya taa yalitiwa kwenye chupa uliyotoka nayo nyumbani.

Siku moja, mifuko ya plastiki ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia madukani, nilikuwa na chupa yangu kwenye foleni ya duka karibu na Kaloleni. Mama aliyekuwa mbele yangu akatoa mfuko wa plastiki aliopewa hapo wiki iliyotangulia. Alikuwa ameufua, akauanika, akaukunja mara nne.

"Bwana, nimerudisha mfuko yako."

Mwenye duka alitabasamu. "Mama, hii hairudishwi kama chupa ya soda. Ukimaliza unatupa tu."

"Natupa wapi?"

Akaonyesha nje kwa kidevu, upande wa mtaro unaoteremka ziwani.

Mama aligeuka, akatazama huko kwa muda. "Lakini huko ndio sisi tunachota maji."

Foleni nzima ilicheka. Akaurudisha mfuko kikapuni polepole, akaenda zake.

Siku hizi plastiki zimenasa kwenye mafunjo ya ufuoni, na kila nikiziona nakisikia kicheko cha foleni ile. Changu ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.